Kipande Namba 412

Posa ilikwenda vizuri mpaka baba wa binti alipoamua kujisifu.

Wageni walikuwa wameshakaa, viti vya kuazima vimetosha, chai imenywewa na kusifiwa. Seremala, mposaji mwenyewe, alikaa pembeni ndani ya shati jipya lililomkaba shingo. Nyuma ya pazia la chumba cha pili alikaa binti mwenyewe, Fundi, akisikiliza. Tangu alipoanza kushona nguo za watu hakuna aliyemwita jina lingine. Mtaani Fundi, nyumbani Fundi, hata Bibi aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano alimwita Fundi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, shule aliishia darasa la saba, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu: akikitazama kitu, anakitazama mpaka chenyewe kinaona haya.

Mshenga ndiye aliyeanza. Akauliza kwa mzaha, "Sasa jamani, huyu binti tunayemchukua ana ukoo, au mlimwokota njiani?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka sana. Alikuwa mwashi, mtu wa kupenda kuonyesha kazi ilipoanzia, kwa hiyo akainuka, akakitungua kile kifremu cha ukutani. "Ukoo wake huu hapa. Marehemu baba yangu. Kiwanda cha pamba, miaka kumi na tatu, king'ora hakikuwahi kumtangulia."

Ndani ya kioo mlikuwa na kipande cha kazi cha Babu: karatasi ngumu iliyogeuka rangi ya chai, jina lake, tarehe, muhuri, na namba 412 kwa wino mwekundu. Kifremu kikapita mkono hadi mkono. Kilipofika kwa shangazi yake seremala, kikakwama.

Shangazi huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa kunyamazisha watoto mia tatu kwa kugonga mwiko mara moja. Alisoma, akakifuta kioo kwa kanga yake, akasoma tena. Halafu akampa mdogo wake, yaani baba wa seremala, ambaye tangu waingie alikuwa amesema "asante" tu.

"Hili ni jina la nani?" Shangazi akauliza.

"La baba," mdogo wake akasema.

"Na namba?"

Shangazi akaweka kikombe chini. "Namba hii naijua kuliko namba ya simu yangu. Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa amekuja kufanya kazi kiwandani, barua zikakatika. Mama akamfunga huyu mgongoni, mimi akanishika mkono, tukatembea siku mbili. Langoni tukasema tunamtaka mia nne kumi na mbili. Mlinzi akaingia, akatoka. Akasema yupo, ni mzima, yuko kazini, ila anasema hamjui mwanamke huyo wala watoto." Alimtazama baba yake Fundi juu hadi chini, kama anayepima nyama. "Kumbe alikuwa amejipatia mke mwingine huku, akazaa mwashi."

Hapo hata vijiko vilinyamaza. Seremala alikuwa mtoto wa baba mkubwa, Fundi mtoto wa baba mdogo. Kwa watu wa pande zote mbili jambo hilo halikuhitaji mjadala: hao ni kaka na dada, na kaka haoi dada.

"Mimi nilikuwa natania tu," mshenga akasema, na hakuna aliyemsikiliza.

Kabla wageni hawajaondoka walikubaliana kwamba Jumapili ya tatu kutoka siku hiyo wazee wakutane tena, uchumba uvunjwe kwa adabu, na papo hapo baba apokelewe kama ndugu. Baba alikuwa mtoto pekee. Alisindikiza wageni hadi barabarani akiwa na huzuni usoni, lakini aliporudi alisimama mlangoni akasema polepole, "Sasa nina dada. Mkubwa kabisa," na Fundi akaona kwamba katika msiba ule kulikuwa na mtu aliyepata.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa kwenye kiti chake muda wote ule. Alisema tu kwamba mgongo unamuuma, akaomba apelekwe akalale, ingawa ilikuwa saa tisa mchana.

*

Kesho yake Fundi alikwenda karakana ya seremala. Alimkuta ameegemea meza ambayo haikuwa na mbao.

"Tufanyeje?" seremala akauliza.

"Wewe ulimwona nani akizaliwa?"

"Mimi?"

"Mimi pia sikumwona. Wanasema karatasi imesema. Karatasi imesema namba, na namba haina damu. Nataka nimwone mtu aliyekuwa nyuma yake."

"Na ukimwona, ukakuta ni yeye yule?"

Fundi alifikiri. Hakupenda kujibu haraka swali la kweli. "Basi nitakuja hapa mwenyewe nikuite kaka, na nitakuwa nimejua kwa nini. Lakini sitakuita kaka kwa sababu watu wameshtuka wakiwa na vikombe mkononi. Nipe wiki tatu."

"Na mimi nikae tu?"

"Randa mbao. Na usiniite dada, hata kwa utani."

"Sijakuita."

"Umefikiria."

Seremala akacheka bila kutaka, na Fundi akaondoka kabla kicheko hakijageuka kitu kingine.

Alianza nyumbani. Bibi alisema hakumbuki. Mtu anayekumbuka bei ya kila kitambaa alichonunua tangu ujana wake, leo hakumbuki mwaka alioolewa! Fundi hakumsukuma. Alikwenda kwa mdogo wake Bibi, mzee ambaye ukoo mzima ulimwita Redio, kwa sababu ukimwasha ni lazima usubiri mpaka betri iishe.

"Shemeji?" Redio akasema, macho yakiwaka. "Namkumbuka kama jana. Alifika huku mwaka ule daraja liliposombwa na maji. Nitasahauje? Alivuka mto kwa kamba, suruali ameifunga kichwani, dada yangu amesimama ng'ambo na ndoo. Akamwona hivyo hivyo. Ndipo akampenda. Au alimhurumia, mpaka leo sijajua."

"Alikuwa hajawahi kufika kabla ya hapo?"

"Angefikaje? Alikuwa anauliza kiwanda kiko wapi! Tena alifika wakati mbaya, kiwanda hakiandiki watu. Alikaa hapa miezi bila kazi, anakula kwa rafiki yake mmoja kotani, kwenye nyumba za wafanyakazi."

"Rafiki gani, babu?"

Redio akakuna kidevu. "Huyo sasa ndiye simkumbuki. Alikuwa mtu wa kikohozi."

Fundi aliaga, akaenda moja kwa moja mtoni. Kwenye nguzo ya daraja kulikuwa na jiwe lenye mwaka ambao daraja la zamani lilisombwa na mwaka lilipojengwa hili. Aliandika kwenye kiganja kwa kalamu. Nyumbani alisimama mbele ya kifremu, akasoma tarehe ya kipande. Alitoa kwa vidole, akarudia. Kipande cha Babu kilikuwa kimetolewa miaka miwili kabla Babu hajavuka mto.

Alimwonyesha baba jioni, baba akinawa mikono yenye saruji.

"Redio betri zimekwisha," baba akasema.

"Na jiwe la daraja, baba? Nalo betri?"

Baba alifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Fundi. Nimezeeka bila kaka wala dada. Nimepewa wawili siku moja. Unataka nini?"

"Nataka kujua nani ni nani."

"Acha," baba akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuomba, na hiyo ndiyo iliyomchoma Fundi zaidi. Lakini hakuacha.

*

Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mingi. Mashine ziliuzwa vyuma chakavu, mabati yakaota miguu, lakini madaftari, kwa kuwa hayaliki wala hayaezeki nyumba, yalipelekwa masjala ya halmashauri. Karani wa masjala alikuwa mwanaume mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na alikuwa na jibu moja kwa watu wote: njoo kesho.

Fundi alikuja kesho. Akaambiwa aje kesho. Siku ya tatu alikuja na kapu la kazi, akaketi kwenye benchi la mlangoni, akaanza kupiga matundu ya vifungo kwa mkono. Alimaliza mashati mawili. Siku ya nne akamaliza sare tano za shule. Siku ya tano karani akashindwa.

"Dada, utahamia hapa?"

"Hapana, kaka. Nasubiri kesho yako ifike."

Mhudumu aliyekuwa anafagia akaangua kicheko. Karani akabadilisha miwani, akainuka. "Ingia, ingia, kabla hujanishonea sanda hapa hapa. Daftari gani?"

Yalikuwa madaftari ya mahudhurio, makubwa kama vibao vya kukatia nyama, na vumbi la pamba bado limo kwenye mishono yake. Karani alimweleza jinsi yalivyokuwa yanaandikwa, maana baba yake mwenyewe alikuwa karani wa kiwanda. Alfajiri mnyapara anaita namba, si majina. Namba ikiitika, inawekewa alama. Mwisho wa mwezi kila mfanyakazi anapitia dirishani na kuweka dole gumba kukiri siku alizofanya kazi.

"Na kama anayeitika si mwenye namba?" Fundi akauliza.

Karani akatabasamu kidogo. "Baba alikuwa anasema mnyapara alikuwa na masikio tu, macho hakulipwa. Robota la pamba lijazwe, basi. Mtu akiumwa, alikuwa anamtuma nduguye au rafiki: kanishikie nafasi. Ilikuwa kosa la jela, na kila mtu alifanya."

Fundi akafungua mwezi wa kwanza wa namba 412. Aliinama. Watu humletea nguo iliyochanika, naye kabla ya kugusa chochote huangalia mshono wa zamani mpaka ajue mkono ulioushona: huyu huvuta uzi, huyu huulegeza, huyu alikuwa na haraka. Ndivyo alivyoyatazama madole yale. La kwanza lilikuwa pana, mistari yake ikizunguka na kujifunga katikati kama konokono. La mwezi wa pili konokono. La tatu konokono. Alipekua taratibu, bila kuruka ukurasa, miezi ishirini na sita. Konokono, konokono.

Mwezi wa ishirini na saba dole lilikuwa jembamba. Mistari haikuzunguka, ilipanda na kushuka kama mgongo wa kilima, na katikati ulipita mfereji mweupe, wa kovu, ambao wino haukuufikia.

Alirudi nyuma. Akaenda mbele. Mfereji ulikuwepo mwezi uliofuata, na uliofuata, mpaka daftari la mwisho, miaka kumi na moja.

"Ni wino tu," karani akasema, lakini alikuwa ameshusha miwani zote mbili.

"Wino haupati kovu, kaka. Zahanati ya kiwanda ilikuwa na daftari lake?"

Lilikuwepo, limeliwa pembe na mchwa. Katika mwezi ule wa ishirini na saba, tarehe ya nne, namba 412 alilazwa: homa, kifua. Kwenye safu ya siku ya kutoka hapakuandikwa kitu. Wote wa juu yake walitoka au walikufa na ikaandikwa hivyo. Yeye aliachwa hewani. Na siku hiyo hiyo, kwenye daftari la mahudhurio, namba 412 aliitika alfajiri.

Fundi alitoa kwenye kapu karatasi nyembamba anayochorea vipimo vya nguo, akailaza juu ya madole yale mawili, akayafuatisha kwa penseli, mstari kwa mstari. Ilimchukua mpaka ofisi inafungwa. Karani alisubiri, wala hakumwambia aje kesho.

*

Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, baba akiwa kazini, Fundi aliketi kitandani kwa Bibi na kuweka karatasi mapajani mwake.

Bibi aliangalia konokono bila kupepesa. Alipofika kwenye dole jembamba, mkono wake ulikwenda wenyewe. Aligusa ule mfereji mweupe kwa ncha ya kidole, mara moja, kama mtu anayegusa uso wa aliyelala.

"Mundu," akasema. "Alijikata akiwa mtoto. Sindano ilikuwa inamteleza kila akinisaidia kutunga uzi." Kisha akafumba macho. "Umenipata, Fundi. Mjukuu gani humpekua bibi yake namna hii?"

"Mjukuu anayetaka kuolewa, Bibi."

Bibi akacheka kwa pua, halafu machozi yakafuata njia ile ile. Akasimulia. Mwenye kipande alikuwa rafiki wa Babu, wakilala chumba kimoja kotani. Alipozidiwa alimwambia, kanishikie nafasi siku tatu, nisipoteze kazi. Siku ya tatu akafa. Jioni ile mnyapara akamjia Babu mlangoni, akasema: mimi kesho naita mia nne kumi na mbili, asipoitika naandika mtu mwingine, na akiitika sitazami uso. Babu hakulala. Alfajiri aliitika. Muuguzi akaacha nafasi wazi kwenye daftari, rafiki akazikwa nyuma ya zahanati bila kibao, na Babu akavaa jina la mtu mpaka kufa kwake.

"Alinioa nalo. Nikamzaa baba yako ndani yake. Ungemrudishiaje maiti jina lake bila kujipeleka jela?"

"Na yule mama wa langoni?"

Bibi aligeuza uso ukutani. "Nimekwambia wewe," akasema. "Sijawaambia wao. Nilimwapia marehemu. Kesho usinitaje."

Fundi alitamani kumshika mabega. Kitu alichokuwa anakitafuta wiki tatu kilikuwa mbele yake, kimejikunja chini ya shuka, kinamwomba kimya.

"Sitakusemea, Bibi," akasema. "Ni lako. Lakini hizi karatasi nimezichora mimi, na kesho nitaziweka mezani. Wakinicheka, wanicheke nikiwa nimesema."

*

Jumapili Shangazi alikuja na kapu la zawadi kwa ajili ya ndugu mpya. Baba alivaa tai. Seremala alisimama karibu na mlango kama mtu anayesubiri hukumu, na baba yake akamshika bega. Mshenga alifungua kikao bila mzaha wowote, alikuwa amejifunza.

Kabla hajamaliza salamu Fundi alitoka nyuma ya pazia, akapiga magoti, akatandaza karatasi zake katikati ya vikombe, na akaeleza: jiwe la daraja, tarehe ya kipande, madole mawili, mgonjwa aliyelazwa siku aliyoitika kazini. Hakuongeza neno la kuombea huruma.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, si kwa ubaya, "nimepika miaka thelathini. Mtoto asiyetaka kula hakosi kuona unywele kwenye sahani."

Watu wakaguna, wengine wakacheka.

"Unywele upo, Shangazi. Tazama."

"Madole! Kesho utaniletea nyayo. Nani aliyekuwepo? Nipe mtu mwenye mdomo, aseme niliona. Huna. Kubali, mwanangu, kaka yako naye atakubali. Inauma sasa, itapoa."

Fundi alibaki amepiga magoti. Hakumtazama Bibi. Alikaza macho kwenye meza. Baba akasimama, akanyoosha tai. "Binti yangu amechoka. Tuendelee na lililotuleta."

"Kaa chini, mwanangu," Bibi akasema.

Baba akakaa.

"Aliyejificha siku ile ni mume wangu," Bibi akamwambia Shangazi. "Si baba yako. Baba yako alikuwa amekwisha kufa miezi minne kabla. Mlinzi alipoingia kumwita mia nne kumi na mbili, mume wangu alikimbilia nyuma ya marobota, akasema mwambie sijui mwanamke wala watoto. Ilikuwa kweli. Hakuwajua. Mimi nilikuwa dirishani kotani, nina mimba ya huyu. Nilimwona mama yako. Alikuwa na mtoto mgongoni. Na msichana alikuwa amekaa juu ya jiwe, anavua viatu."

Mkono wa Shangazi ulishika meza.

"Vilikuwa vinanibana," akasema.

"Nilitaka kutoka nimpe maji, tu. Sikutoka. Usiku ule mume wangu alilia mpaka nikaogopa majirani watasikia."

"Miaka sitini," Shangazi akasema. "Nilimkataa baba yangu nikiwa na miaka saba. Mtoto wangu wa kwanza walitaka kumpa jina lake, nikasema bora aitwe jina la mbuzi."

"Najua."

"Hujui!"

Bibi akainamisha kichwa. "Sijui," akasema.

Shangazi alisimama, akapita katikati ya viti bila kuangalia anakokanyaga, akatoka. Mdogo wake, yule asiyesema, alifunika uso kwa mikono yake miwili, na kwa mara ya kwanza watu wakaisikia sauti yake ikipaa, maana alikuwa analia kwa nguvu kama mtoto. Baba alikuwa amelegeza tai. "Na mimi basi ni nani?" akamwuliza mama yake. Bibi akamvuta sikio hadi mdomoni kwake, akamtajia jina la ukoo wa mumewe, la kweli, lililokuwa halijatamkwa na mtu tangu alfajiri ile alipoitika. Baba akalirudia kwa midomo bila sauti, mara kadhaa, akilionja.

Fundi alimfuata Shangazi nje. Alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mbele, kanga imefunika kichwa. Alijua hapo panaweza kuvunjika kila kitu upya: yeye na seremala hawakuwa ndugu tena, lakini sasa yeye alikuwa mtu wa nyumba iliyokula jina la nyumba nyingine. Hakuomba msamaha usio wake. Aliketi ngazi ya chini.

"Siku aliyolazwa imeandikwa," akasema. "Siku aliyokufa hawakuiandika, lakini Bibi anaikumbuka. Na pahali alipozikwa anapajua. Pamejengwa ukuta karibu, ila anasema atapaonyesha."

Kuku alipita, akawatazama, akaenda zake.

"Bibi yako hawezi kutembea mpaka kule."

"Tutakodi gari."

"Lini?"

"Siku utakayosema."

"Kesho nina watoto mia tatu wa kuwapikia."

"Basi keshokutwa."

"Kesho," Shangazi akasema. "Wakishinda na njaa siku moja watanisifia vizuri zaidi." Alijifuta uso kwa nguvu, kama anayefuta sufuria. "Mwambie bibi yako ajiandae mapema. Sitamsemesha njiani, asishangae. Na patakuwa na majani, miaka yote hiyo. Mchumba wako aje na jembe."

Fundi alisikia. Kwa wiki tatu neno hilo lilikuwa halijasemwa na mtu yeyote wa upande ule. Lilikuwa "kaka yako" asubuhi, "kaka yako" jioni. Mtu mwingine angelipokea kimya na kwenda nalo. Lakini yeye alikuwa ameshinda kwenye benchi la masjala kwa ajili ya neno hilo, na alitaka kulisikia likiwa limenyooka.

"Nani aje na jembe, Shangazi?"

"Mchumba wako, nimesema. Mpaka nipige kelele?" Sauti ikamkatika Shangazi katikati. "Nenda ndani sasa. Niache nimlilie baba yangu."

Fundi hakwenda ndani. Alisogea ngazi moja juu, akakaa naye bega kwa bega, wakalia wote wawili mpaka mshenga akachungulia mlangoni na kurudi haraka alikotoka.